Nani Aliyewaruhusu Kuyaweka Majina Yetu Rehani?



Mwezi huu tumeliweka kando somo tulilokuwa tumewaandalia, kwa kuwa limetufika jambo ambalo hatukuona njia ya kulinyamazia. Jambo lenyewe liliingia katika simu zetu baina ya Alasiri na Magharibi, likiwa ni ujumbe wenye picha ya mama mmoja tunayemfahamu sote: muuza dagaa wa mwalo wa Kirumba hapa Mwanza, mjane, anayewasomesha wanawe kwa jasho lake. Chini ya picha paliandikwa kuwa mama huyu ni tapeli, kuwa amekimbia na fedha za watu, na kuwa sisi tulioupokea ujumbe tumeandikishwa kuwa wadhamini wake. Basi tumwambie alipe kabla hatua hazijachukuliwa dhidi yetu.

Hatukuwa wadhamini wake. Hakuna aliyetuuliza, wala hakuna mahali tulipotia saini. Kosa letu lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba namba zetu zilikuwamo ndani ya simu yake. Ujumbe ule ule ulimfikia imamu, ukamfikia mwalimu wa mtoto wake, ukamfikia shemeji yake aliyeko Nansio, ukamfikia fundi aliyemwezekea nyumba miaka mingi iliyopita, na ukamfikia tajiri wa mitumbwi aliyekuwa akimpa dagaa kwa mali kauli. Wote hao walifanywa wadhamini kwa siku moja.

Tulipomwendea tulimkuta amejifungia ndani mchana kweupe. Habari yake ilikuwa fupi. Shule zilikuwa zinafunguliwa na watoto hawana viatu wala madaftari. Yeye mwenyewe alikuwa anadai, kwa maana mnunuzi aliyemkopesha magunia mawili ya dagaa alikuwa amechelewa kulipa. Jirani akamwonyesha programu ya mkopo katika simu. Akajaza, akabonyeza, na kabla chai haijapoa fedha zikaingia. Mkopo ulioandikwa ulikuwa wa shilingi 100,000. Zilizomfikia mkononi zilikuwa shilingi 70,000, na zilizokatwa zikaitwa gharama za huduma. Siku ya saba alitakiwa arejeshe laki kamili. Siku ya nane ndiyo ile tuliyoipokea picha yake.

Ametupa idhini tuieleze habari hii bila ya jina lake, nasi tunaiheshimu idhini hiyo kwa mipaka yake. Programu ile nayo hatuitaji, kwa sababu tunayoyasema si ya programu moja. Wananchi wenyewe wamekwishaipa mikopo ya namna hii jina linaloistahiki: kausha damu.

HESABU ISIYOUJUA MWEZI

Tuanze na hesabu, kwani mwenye kudhulumu hupenda kujificha nyuma ya tarakimu. Mtu aliyepokea shilingi 70,000 na kutakiwa alipe 100,000 ametozwa nyongeza ya shilingi 30,000, nayo ni karibu asilimia 43 ya kile alichokipokea, kwa juma moja tu! Akishindwa, anaambiwa aongeze muda kwa malipo mengine. Haya ndiyo yale yale ya zama za Jahiliya, pale mdai alipokuwa akimjia mdaiwa wake siku ya deni kuiva na kumpa hiari ya mambo mawili: ama ulipe sasa, ama deni liongezeke. Wanaotuambia kuwa huu ni uvumbuzi wa karne hii hawajasoma historia ya Makka.

Lakini kuna jambo ambalo hata wala riba wa Makka hawakulifanya. Wao waliishi chini ya mwezi mmoja na wadaiwa wao, wakijua misafara inaondoka lini na inarudi lini. Mashine hii haimjui mtu. Kila mkazi wa pwani ya ziwa hili, kuanzia Kirumba hadi Ukerewe, Ukara na Sengerema, anajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufanya kazi usiku wa giza. Mwezi unapokaribia kuwa mpevu, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi hupumzishwa ufukweni, na fedha hukauka mwaloni kwa siku kadhaa hadi giza lirudi. Ndiyo maana deni la mwaloni tangu zamani huhesabiwa kwa giza. Mtu husema, nitakulipa giza lijalo, na aliyeambiwa huelewa.

Mama yetu alikopa tarehe 9 ya mwezi mwandamo. Siku saba baadaye ilikuwa tarehe 16. Sisi tunaofunga na kufungua kwa kuuangalia mwezi hatuhitaji kuelezwa kuwa usiku wa tarehe 16 mbingu ya Mwanza ilikuwa ikiwaka na ziwa lilikuwa tupu. Mashine ilimtaka laki moja katika juma ambalo hata tajiri mwenye mitumbwi kumi hana la kuuza.

Je, kompyuta haiwezi kuuhesabu mwezi? Inaweza, na upesi kuliko sisi. Mashine inayosoma majina mia tatu ya simu ya mtu kwa sekunde chache haishindwi kujua giza linaanza lini. Haikuelekezwa tu, kwa sababu aliyeituma hakuhitaji mama huyu aweze kulipa kwa wakati. Alihitaji achelewe. Katika kuchelewa ndimo faida ilimo.

REHANI YA NAMNA GANI HII?

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno yetu. Watu wengi wanapoizungumzia mikopo hii huishia kwenye riba, nasi hatuna shaka kwamba riba ni haramu. Sura Al-Baqara aya ya 275 haikuacha nafasi ya ubishi. Lakini ndani ya mikopo hii imo dhulma ya pili ambayo haijapata kukemewa ipasavyo katika mimbari zetu. Dhulma hiyo ni ya rehani.

Mkopeshaji yeyote hutaka kitu cha kumtuliza moyo. Sheria yetu haikulikataa hilo. Aya ya 283 ya Sura hiyo hiyo imeruhusu rehani inayokabidhiwa mkononi. Wazee wetu waliweka rehani shamba, mkufu, baiskeli, cherehani. Asiye na kitu aliweka kauli yake, na hiyo ndiyo mali kauli iliyoijenga biashara ya ziwa hili. Mama wa Kirumba hana shamba wala mkufu. Basi mkopeshaji wa simu alichukua rehani gani hata akamtumia fedha bila ya kumwona uso?

Alichukua majina yetu. Programu zile, tangu dakika ya kuwekwa katika simu, zimekuwa zikiomba ruhusa ya kuzisoma namba zilizohifadhiwa humo, na nyingine huomba zisome ujumbe, zione picha na zijue mahali mwenye simu alipo. Orodha ya namba hunakiliwa na kupelekwa katika kompyuta za mkopeshaji, ambazo huenda ziko nchi nyingine kabisa. Kuanzia hapo mkopeshaji ametulia. Anajua kwamba mbele ya imamu wake, mwalimu wa mwanawe na mkwewe, mtu yuko radhi auze kitanda anacholalia kuliko kuvuliwa nguo hadharani. Kilichowekwa rehani ni heshima ya mtu, na minyororo iliyomfunga nayo ni sisi, jamaa na jirani zake.

Rehani, ndugu zetu, huwekwa na mwenye mali. Mtu hawezi kuweka rehani ng'ombe wa jirani yake. Basi ni sheria gani, ya dini au ya dunia, iliyompa mkopeshaji haki ya kuyachukua majina ya watu mia tatu wasiokopa, wasioulizwa na wasiojua, akayafanya dhamana ya shilingi elfu sabini?

WANAOSEMA "ALIKUBALI MWENYEWE"

Tumezisikia hoja za wanaoitetea biashara hii, nasi tutazijibu moja baada ya nyingine, kwa kuwa haki haiogopi kusikiliza.

Hoja ya kwanza wanasema: mama alikubali mwenyewe, alibonyeza kitufe. Tunauliza, alikubali nini? Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, ambayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeshuka kuhusu deni. Imeamrisha deni liandikwe pamoja na muda wake, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na mwenye kuyatamka masharti awe ni yule mdaiwa, ili isiandikwe juu yake ila ile haki anayoikiri. Linganisha na kitufe kile. Vigezo na masharti ni kurasa nyingi za maandishi madogo, mara nyingi kwa lugha ambayo mkopaji haisomi. Anayetamka ni mdai, anayeandika ni mdai, shahidi hakuna, na mdaiwa kazi yake ni kubonyeza huku mtoto akilia njaa. Huko si kukubali. Na hata tukisema alikubali kwa niaba yake mwenyewe, imamu alikubali lini? Mwalimu alikubali lini?

Hoja ya pili wanasema: dawa ya deni ni kulipa. Maneno haya ni kweli, wala hatutaki mtu yeyote ayafiche makala haya mfukoni apate kukimbia deni lake. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiuliza juu ya deni la maiti kabla ya kumswalia, na alikuwa akijikinga kwa Mola wake kutokana na mzigo wa deni. Mama yetu hakatai kulipa. Lakini yule yule aliyeamrisha deni lilipwe ameamrisha, katika aya ya 280, kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kwamba kumsamehe ni kheri zaidi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba akichelewa siku moja avunjiwe hadhi mbele ya wakwe zake.

Hoja ya tatu wanasema: teknolojia haina kosa, ni chombo tu kama kisu. Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa kuwa maneno haya huwahadaa hata wasomi. Kisu hakijui kinakata nini. Programu inajua, kwa maana imeandikwa na binadamu aliyekaa akafikiri hatua kwa hatua: siku ya kwanza fanya hivi, siku ya saba fanya vile, siku ya nane tuma picha. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, hakumlaani mla riba peke yake, bali pamoja naye yule anayeilisha, mwandishi wake na mashahidi wake. Mwandishi wa riba wa zamani alishika kalamu. Mwandishi wa riba wa leo anaandika programu, na anayepokea mshahara kwa kupiga simu za matusi kwa wadaiwa ni mwenziwe.

Tunawaambia haya vijana wetu waliosoma kompyuta, ambao tunajivunia elimu yao na tunajua uhaba wa ajira: mkiitwa katika kazi hiyo, jiulizeni kalamu yenu itasimama wapi Siku ya Hesabu. Wala hatusemi, kama wanavyosema baadhi ya wenye kukata tamaa, kwamba simu na kompyuta ni haramu zitupwe ziwani. La hasha! Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kufika Tanzania mwaka 2008, mvuvi wa kisiwani ameweza kuitumia familia yake fedha bila ya kupanda chombo usiku akiwa na noti kiunoni. Hiyo ni neema. Mwenye kuiharibu neema ndiye anayepaswa kulaumiwa, naye ana jina na anwani hata kama amejificha nyuma ya kioo cha simu.

MACHO YA WENYE MAMLAKA

Haki inatutaka tuseme kuwa Serikali haikulala. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilitungwa mwaka 2018, ikamtaka kila mkopeshaji awe na leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi tarehe 3 Aprili 2024. Mwaka huo huo Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na mwezi Novemba ikatangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila ya leseni. Jirani zetu wa Kenya nao waliamka: mwezi Septemba 2023 ofisi yao ya kulinda taarifa binafsi iliitoza kampuni moja yenye programu za mikopo faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa kuzitumia namba za watu wasiohusika na deni. Mwaka huo huo Google ilipiga marufuku programu za mikopo zilizomo katika duka lake kuzisoma namba na picha zilizo katika simu ya mkopaji.

Haya yote ni mema, na Katiba ya nchi yetu yenyewe, katika Ibara ya 16, imeilinda faragha ya mtu. Lakini tusijidanganye. Programu iliyofungwa kwa jina moja yaweza kurudi kwa jina jingine. Iliyofukuzwa dukani yaweza kupitishwa kwa kiungo kinachotumwa kutoka simu hadi simu. Na sheria, hata iwe nzuri namna gani, inamfaa aliyekwenda kushtaki. Mama aliyejifungia ndani kwa aibu hashtaki. Kwa hiyo aibu ile ile iliyofanywa rehani ndiyo inayomlinda mwizi wa rehani.

KIDOLE KINATURUDIA

Hapa ndipo tunapolazimika kusema jambo ambalo halitawafurahisha wasomaji wetu, wala halikutufurahisha sisi tulipolitambua.

Tajiri wa mitumbwi, baada ya kuusoma ujumbe, aliacha kumpa mama yule dagaa kwa mali kauli. Miaka kumi ya kuaminiana ilivunjika kwa picha moja. Ukitazama hesabu, hasara ya mama haikuwa shilingi 30,000. Hasara yake ilikuwa biashara nzima. Na aliyeikata biashara hiyo hakuwa mkopeshaji aliye mbali, bali mtu anayeswali safu moja na sisi.

Tena haikuishia kwake. Mmoja wetu aliuchukua ujumbe ule akauweka katika kundi la WhatsApp la darasa letu, kwa kisingizio cha kutahadharishana. Wengine wakaweka alama za kucheka. Kundi lile lile ambalo juma lililotangulia lilikuwa likijadiliana juu ya Sura Al-Hujurat! Katika aya ya 11 na ya 12 za Sura hiyo tumekatazwa kudharauliana, kudhaniana vibaya, kupelelezana na kusengenyana, na msengenyaji amefananishwa na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Mkopeshaji aliipika nyama ile, lakini tuliojipakulia ni sisi.

Tulitafakari hili kwa masikitiko. Kwa nini majina yetu yana thamani kwa mkopeshaji? Kwa sababu anajua tutasoma, tutaamini, tutacheka na tutapitisha. Aibu ina bei sokoni kwa kuwa ina wanunuzi, na wanunuzi ndio sisi. Siku ambayo watu mia tatu wataupokea ujumbe kama ule na kila mmoja wao akaufuta, kisha akampigia mwenye picha kumuuliza, una nini mama, tukusaidieje, siku hiyo rehani ile itakuwa karatasi tupu. Hakuna mkopeshaji atakayekopesha kwa dhamana isiyomtisha mtu.

Na tuulizane la mwisho: kwa nini mama yule aliikimbilia mashine asitukimbilie sisi? Jibu tunalijua. Mfuko wetu ulikuwa na fedha siku ile, zimetengwa kwa ajili ya zulia jipya. Hata angekuja, angeambiwa aandike barua, aisome mbele ya kamati ya wanaume saba, na habari zake zingefika sokoni kabla yake. Katika baadhi ya misikiti yetu majina ya waliochanga husomwa kwa kipaza sauti pamoja na kiasi, na ya wasiochanga pia. Je, hiyo nayo si programu ya aibu, ila haina kompyuta? Mashine haikumuuliza swali lolote la kumdhalilisha wakati wa kukopa; ilimdhalilisha baadaye. Sisi tunadhalilisha mlangoni. Mwenye shida huchagua maumivu yaliyo mbali.

TUFANYE NINI?

Maneno matupu hayavunji mfupa. Sisi tumekwishaanza kwa yaliyo ndani ya uwezo wetu, nasi tunawaita wasomaji wa Mwanza yote, wa Ilemela na Nyamagana, wa visiwani na wa ng'ambo ya ghuba, wafanye nao.

Kwanza, ujumbe wa kumwaibisha mdaiwa usipitishwe. Anayeupokea na amwarifu mhusika kwa siri, ampe nakala yake iwe ushahidi, kisha aufute. Yule mwenzetu aliyeuweka katika kundi ameuondoa, ameomba radhi ndani ya kundi lile lile, na amekwenda kwa mama kuomba radhi kwa mdomo wake.

Pili, waliodhulumiwa wasindikizwe. Benki Kuu ina tawi hapa hapa Mwanza, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, Polisi wapo, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo. Mtu mmoja aliyejaa aibu hawezi kufika huko peke yake. Watu watatu wakifuatana naye atafika. Na kumbukeni kwamba hata wewe usiyekopa, namba yako iliyochukuliwa ni yako. Una haki ya kulalamika kwa jina lako mwenyewe.

Tatu, kabla ya kubonyeza, tuulize. Programu inayotaka kuzisoma namba za watu ili ikukopeshe inakutaka uifungulie nyumba isiyo yako. Sura An-Nur aya ya 27 imetufunza tusiingie nyumba za wengine pasina kubisha hodi na kutoa salamu. Namba ya mtu ni mlango wa nyumba yake. Usiutoe ufunguo aliokuaminia.

Nne, na hili ndilo zito, tuanzishe qardhan hasana iliyo ya kweli. Zulia litangoja. Katika mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Sura At-Tawba aya ya 60 wamo wenye madeni. Wala zulia hatukulikuta humo. Utaratibu tuliokubaliana ni mwepesi: mkopaji huzungumza na watu wawili tu wenye kuaminika, mwanamke kwa mwanamke mwenzake, deni huandikwa kwa Kiswahili, naye ndiye anayelitamka, mashahidi huwekwa, muda huhesabiwa kwa magiza mawili kwa watu wa mwaloni, na kwa mavuno kwa wakulima, nyongeza hakuna hata ya senti moja, na daftari halisomwi hadharani wala halipigwi picha.

Tano, matajiri wa mitumbwi na wafanyabiashara wa soko, tunawaomba msiiache mali kauli ife. Hiyo ni elimu ya wazee wenu. Mlimpima mtu kwa miaka, kwa vitendo vyake, giza kwa giza. Msikubali kipimo hicho kivunjwe na ujumbe wa mtu ambaye hajapata kuukanyaga mchanga wa Kirumba.

Tulikwenda kwa tajiri yule, watu watatu, baada ya Isha. Tulimweleza hesabu ya siku saba na mwezi wa tarehe 16. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba hilo la mwezi yeye ndiye alipaswa kulijua kuliko sisi. Giza lililofuata mama alipata dagaa wake. Yale yaliyomfika hayajafutika, kwa kuwa picha iliyotumwa kwa watu mia tatu hairudishwi na mtu yeyote, na wapo watakaoibakiza katika simu zao. Jicho la jirani akilikumbuka bado hufunga mlango.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mwenye kuisitiri aibu ya Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri Siku ya Kiyama. Kila mmoja wetu ana aibu ambayo siku hiyo atatamani isitiriwe. Na tuifute ile iliyomo katika simu zetu usiku huu, kabla ya kulala.

Wabillahi tawfiiq.